Mlio Kutoka Msituni

Mchana wa Jumanne, 10 Juni 2008, ndege ndogo aina ya Cessna 210 ilipaa kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ikielekea Kericho. Ilibeba watu wanne: Kipkalya Kones, Waziri wa Barabara na mbunge wa Bomet, Lorna Laboso, waziri msaidizi na mbunge wa Sotik, afisa wa polisi aliyewalinda, na rubani. Kesho yake wapiga kura wa Ainamoi, huko Kericho, walikuwa wamchague mrithi wa David Kimutai Too, mbunge aliyepigwa risasi akafa mjini Eldoret mwishoni mwa Januari mwaka huohuo. Viongozi hao wawili walikuwa wanakwenda kusimamia mambo ya chama chao, ODM, kabla masanduku hayajafunguliwa.

Hawakufika. Ndege ilianguka Enoosupukia, katika nchi ya Narok, upande wa mashariki wa safu ya Mau, na hakuna aliyetoka hai. Kura za Ainamoi zilipigwa siku ya pili watu wakiwa na matanga. Septemba 25 Bomet na Sotik nazo zikarudi vituoni: Bomet ikamchagua Beatrice Kones, mjane wa marehemu, na Sotik ikamchagua Joyce Laboso, dada yake Lorna, ambaye baadaye alikuwa Naibu Spika wa Bunge la Taifa na kisha gavana wa Bomet hadi alipofariki Julai 2019.

Siasa za msiba huo zimeandikwa sana. Kuna jambo moja ndani yake ambalo halikuandikwa, labda kwa sababu lilikwenda sawa: ndege ile haikutafutwa. Ilianguka penye watu, mashahidi wakaiona, na kabla jua halijazama nchi nzima ilikuwa imejua ni wapi na ni nani. Miaka kumi baadaye, karibu juma lilelile, mambo yalikwenda kinyume kabisa. Jumanne ya 5 Juni 2018, ndege ya FlySax, Cessna Caravan yenye abiria 8 na marubani 2, iliondoka Kitale jioni ikielekea Nairobi na ikapotea kwenye rada karibu na Aberdare. Helikopta zilipanda zikarudishwa na mawingu. Askari wa wanyamapori, walinzi wa misitu na wapanda milima waliingia kwa miguu kwenye baridi na mianzi. Jamaa walikaa hotelini Nairobi wakingoja neno. Mabaki yalionekana Alhamisi asubuhi kwenye jabali la mlima, na wote kumi walikuwa wamekufa.

Mau na Aberdare ni milima ya namna moja: mirefu, yenye miti, yenye ukungu mara nyingi. Tofauti ya ndege hizo mbili ilikuwa ni pale zilipogusa ardhi tu. Historia nzima ya redio za dharura na satelaiti za uokoaji imejengwa juu ya swali hilo: ukianguka mahali ambapo hapana jicho la mtu, ni nani atakayejua?

Marubani wa kwanza wa Kenya hawakuwa na jibu ila rafiki zao. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha shirika la Wilson Airways, lile ambalo jina lake lingali kwenye uwanja wa Wilson, na rubani wake mkuu akawa Tom Campbell Black. Wakati huo rubani aliacha habari kwa mtu anayemwamini: nakwenda mahali fulani, nikikosa kufika kesho nitafute. Mwaka 1931 Ernst Udet, bingwa wa Ujerumani wa vita vya angani ambaye alikuwa amekuja Afrika Mashariki kupiga filamu, alilazimika kutua kwenye vinamasi vya Nile kusini mwa Sudan alipokuwa akirudi kwao. Campbell Black ndiye aliyemtafuta kutoka angani, akamwona, akamwokoa. Mwanafunzi wake, Beryl Markham, aliyekulia Njoro chini ya msitu wa Mau, naye alifanya kazi ya kutafuta waliopotea kwa kuzunguka juu ya mbuga mpaka jua lichwee. Ilikuwa kazi ya macho na bahati. Nyikani, penye nyasi fupi, bawa linalong'aa huonekana mbali. Juu ya msitu wa Mau, ambapo matawi yanafunika ardhi, ndege inaweza kupita mara kumi juu ya mabaki bila kuona hata kipande.

Na anga la Kericho halimpi mtafutaji nafasi. Asubuhi huwa safi. Kuanzia saa sita mchana upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda miinuko, hukutana na upepo wa mashariki juu ya nyanda za chai, na hewa ikikosa pa kwenda hupanda juu kwa nguvu. Mawingu hujengeka kama minara, na saa tisa au saa kumi mvua ya mawe inashuka. Vitabu vya hali ya hewa vimeitaja Kericho miaka mingi kuwa miongoni mwa mahali panapopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Hesabu inayonukuliwa ni siku 132 kwa mwaka. Mchumaji aliyeshikwa na mvua hiyo katikati ya shamba huligeuza kapu juu ya kichwa na kungoja. Majani machanga, yale mawili na chipukizi yanayochumwa, hupasuka na kuwa meusi, na pato la wiki linakwenda.

Wenye mashamba makubwa walijaribu kupigana na mawingu hayo. Katika miaka ya 1960 walirusha roketi zilizobeba vilipuzi ndani ya mawingu, na mwishoni mwa muongo huo wakakodi ndege za kampuni ya Kimarekani zipite chini ya wingu zikichoma iodaidi ya fedha, ili mawe yawe madogo yakiwa bado juu. Ilikuwa kazi ya hatari ya ajabu: rubani anakaa kwa hiari yake mahali ambapo marubani wengine wote wanakimbia, kwenye hewa inayopanda chini ya wingu la radi. Kama mvua ya mawe ilipungua au la, wataalamu walibishana miaka mingi. Ninachokitaja hapa ni hewa yenyewe. Hewa ile ile inayopanda ndiyo chakula cha ndege isiyo na injini.

Rubani wa ndege isiyo na injini hutafuta hewa ya moto inayopanda, huzunguka ndani yake mpaka apate kimo, kisha huteleza kwenda mbele akitafuta nyingine. Kenya ina hewa ya namna hiyo kwa wingi kuliko nchi nyingi. Mweiga, karibu na Nyeri, kwa miaka mingi pamekuwa na klabu ya ndege hizo zenye mabawa marefu membamba. Na kaskazini mwa nchi ya chai, kwenye ukingo wa Elgeyo pale Iten, wageni wa paraglaidi kutoka Ulaya huja kila kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Wanasimama ukingoni kwenye kimo cha mita 2,400 hivi, na chini yao Bonde la Kerio limeshuka zaidi ya mita elfu moja. Wakishika hewa nzuri huondoka kwa saa nyingi na kutua mbali, penye mbuzi na migunga, mahali ambapo mtandao wa simu huja na kupotea.

Kericho na Bomet siyo mahali pao, na sababu inaonekana ukiwa barabarani kutoka Litein kwenda Mogogosiek. Chai iliyokatwa vizuri inaonekana kama zulia, lakini chini ya yale majani kuna mashina ya miti yenye umri wa miaka mingi, yanayofika kiunoni. Kati ya mashamba kuna misitu ya mikaratusi ya kuni za viwanda. Nje ya kiwanja cha Kerenga hapana sehemu nyingi za kutua kwa amani, na ukisukumwa mashariki unaingia juu ya Mau. Anayeruka bila injini haruhusiwi kukosea mara mbili. Ndiyo maana watu wa mchezo huu walikuwa wa mwanzo kuvitilia maanani vifaa vya kufuatiliwa na satelaiti, hata kabla ya sheria kuwataka.

Vifaa hivyo vilianzia kwenye misiba ya Marekani. Machi 1967 familia moja iliondoka Oregon kwa ndege ndogo na ikaanguka kwenye milima ya Trinity, California. Msako ulifanywa, ukaachwa. Oktoba wawindaji waliyakuta mabaki, na ndani yake maandishi ya binti wa familia yaliyoonyesha kwamba watu walikuwa wameishi pale kwa siku 54 wakisubiri. Walikuwa wamesikia ndege zikipita. Mwishoni mwa 1970 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzitaka ndege nyingi ndogo zibebe redio ya dharura, ile ambayo marubani huiita bikoni: kisanduku chenye betri kinachowaka chenyewe ndege ikigonga. Oktoba 1972 wabunge wawili wa nchi hiyo, Hale Boggs na Nick Begich, walipotea Alaska na ndege yao. Msako wa siku 39 haukupata kitu, na hadi leo haijaonekana.

Bikoni za mwanzo zilipiga mlio kwenye mawimbi ya megahezi 121.5, na zilitegemea ndege nyingine ipite ikasikia. Hapo ndipo wazo la satelaiti lilipoingia. Satelaiti inayozunguka dunia kila baada ya dakika mia moja hivi husikia mlio ukipanda sauti inapoukaribia na kushuka inapouacha, jinsi king'ora cha gari kinavyobadilika kikipita mbele yako. Kwa kupima badiliko hilo kompyuta hupata mahali mlio unapotoka. Mwaka 1979, Vita Baridi vikiwa havijaisha, Umoja wa Kisovieti, Marekani, Kanada na Ufaransa zilikubaliana kuunda mfumo mmoja, Cospas-Sarsat. Satelaiti ya kwanza, ya Kisovieti, ilirushwa 30 Juni 1982. Septemba mwaka huohuo ilisikia mlio kutoka milima ya British Columbia, Kanada, na watu watatu wakatolewa wakiwa hai. Tangu hapo mfumo huo umeshiriki kuokoa watu zaidi ya 50,000, mabaharia wakiwa wengi.

Lakini mlio wa zamani ulikuwa na kasoro mbili zilizotuumiza zaidi sisi wa nchi zisizo na vituo. Kwanza, satelaiti ilikuwa kioo tu: ilipokea na kurusha chini palepale, bila kuhifadhi. Kama hapakuwa na kituo cha ardhini ndani ya upeo wake wakati huo, mlio ulipotea hewani. Pili, haukusema ni wa nani. Bikoni iliyogongwa ndani ya bohari na ile iliyo msituni zililia sawasawa, na sehemu kubwa mno ya milio ilikuwa ya uongo. Huko Marekani waokoaji wamewahi kufuatilia mlio wakafika kwenye oveni ya piza.

Bikoni mpya, za megahezi 406, zilitibu yote mawili. Kila sekunde 50 hivi hutuma ujumbe mfupi wa kidijitali wenye namba yake, na kama ina GPS, hutuma na mahali ilipo. Satelaiti za mzunguko wa chini huuhifadhi ujumbe na kuushusha kituo kinachofuata, hata kama kiko bara jingine. Siku hizi vipokezi vimefungwa pia kwenye satelaiti za uongozaji safari zilizoko kilomita 20,000 hivi juu, kwa hiyo hapana tena kungoja satelaiti ipite. Tarehe 1 Februari 2009 mfumo uliacha kabisa kusikiliza mlio wa zamani kutoka angani. Tangu siku hiyo ndege yenye bikoni ya 121.5 pekee, mbele ya satelaiti, ni bubu.

Hata hivyo kisanduku ni kisanduku. Antena hukatika, moto huunguza, mwamba huziba anga. Mfano mchungu ni wa Steve Fossett, tajiri wa Kimarekani ambaye Agosti 2006, pamoja na Einar Enevoldson, alipanda kwa ndege isiyo na injini hadi zaidi ya futi 50,700 juu ya Argentina, rekodi ya dunia wakati huo. Septemba 3, 2007 aliondoka shamba moja la Nevada kwa ndege ndogo ya kawaida, matembezi ya asubuhi tu. Alikuwa na saa ya mkononi yenye bikoni ndani. Siku hiyo hakuivaa. Hapana mlio uliosikika. Msako mkubwa uliona mabaki ya ndege nyingine za zamani, yake ukaikosa. Ndege ya Kones na Laboso ilipoanguka, Fossett alikuwa bado hajulikani alipo. Ndege yake ilipatikana mwanzoni mwa Oktoba 2008, baada ya mpita njia kuokota vitambulisho vyake milimani California.

Wakenya tuliufahamu uchungu huo mapema mwaka huo wa 2007. Mei 5 ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, ilipaa Douala, Kamerun, usiku wenye dhoruba ikiwa na watu 114. Msako ulipelekwa Lolodorf, zaidi ya kilomita mia moja kutoka uwanjani. Baada ya karibu siku mbili mabaki yalikutwa kwenye mikoko, kilomita zipatazo tano tu kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Ndege kubwa mpya, mji mkubwa jirani, na bado.

Ndiyo maana vifuatiliaji vilipokuja viliwapendeza watu wanaoruka bila injini. Bikoni hungoja msiba. Kifuatiliaji huacha nyayo tangu mwanzo. SPOT, kilichotoka 2007, na inReach, kilichofuata 2011, hutuma mahali ulipo kila dakika chache, na mke aliye nyumbani au rafiki aliye kwenye gari chini anaona nukta zikisogea kwenye ramani. Zikisimama, anajua zilisimama wapi hata kama kifaa kimevunjika. Kwetu kulikuwa na tofauti kati ya viwili hivyo ambayo matangazo hayakuitaja kwa sauti: SPOT hutumia satelaiti za Globalstar, ambazo zinahitaji kituo cha ardhini karibu, na sehemu kubwa ya Afrika ya kati na mashariki ilikuwa pengo kwenye ramani yake kwa miaka mingi. inReach hutumia Iridium, ambazo hupashana habari zenyewe huko juu, na zinafika Kerio sawa na zinavyofika Alps. Pia inaruhusu kujibizana kwa maandishi. Mtu aliyevunjika mguu juu ya mgunga anaweza kueleza kwamba ni mguu, na waokoaji wakaja na machela badala ya kuja na maswali.

Maoni yangu ni kwamba kimoja hakitoshi. Kifuatiliaji kinahitaji malipo ya kila mwezi, betri iliyojaa na kampuni binafsi inayopokea simu. Bikoni ndogo ya mkononi haina malipo ya mwezi, betri yake hukaa miaka, na ikiwashwa hulia kwa saa 24 au zaidi kwenda kwenye mfumo wa serikali za dunia. Ukubwa wake ni wa simu ya zamani ya vibonye. Unafungua antena, unavunja kifuniko, unabonyeza, unaiweka mahali inapoona anga. Lakini lazima iwe mwilini, kwenye kamba za kifua. Ikiwa ndani ya mkoba uliorushwa mita kumi na wewe huwezi kutambaa, ni sawa na ile saa ya Fossett iliyobaki nyumbani.

Serikali za dunia zimeongeza masharti tangu ndege ya Malaysia, MH370, ipotee Machi 2014. Ndege kubwa mpya sasa zinatakiwa kutangaza zenyewe mahali zilipo kila dakika zinapokuwa hatarini. Masharti hayo hayashuki hadi kwa Cessna inayokwenda Kericho, sembuse kwa mtu aliyening'inia kwenye kitambaa juu ya Kerio. Wala mlima hauchagui vyeo. Wabunge na maofisa waliokufa Marsabit Aprili 2006, waziri George Saitoti na msaidizi wake Orwa Ojode waliokufa Kibiku 10 Juni 2012, tarehe ileile ya Kones na Laboso, na Jenerali Francis Ogolla aliyekufa Sindar, Elgeyo Marakwet, 18 Aprili 2024, wote walianguka mahali palipofikika upesi. Siku ambayo ndege itaingia katikati ya Mau ya kusini magharibi wakati wa mvua, kati ya chai ya Kericho na mashamba ya Narok, tutarudi Aberdare ya 2018.

Kuna jambo la mwisho ambalo marubani wengi, wenyeji na wageni, hawalijui. Namba iliyomo ndani ya bikoni huanza na tarakimu za nchi; ya Kenya ni 634. Mlio ukisikika, taarifa ya mahali huenda kwa waokoaji wa eneo, na namba hutafutwa kwenye daftari la nchi iliyotajwa, ili mtu apige simu kuuliza: ni nani huyu, alikwenda wapi, yuko na wangapi, rangi ya mabawa yake ni ipi? Bikoni iliyonunuliwa Ujerumani na kuletwa Iten itamwita mtu wa Ujerumani. Isiyoandikishwa popote haitamwita mtu, na saa za kwanza, zile ambazo majeruhi anazihitaji zaidi, zitaishia kwenye kubahatisha kama ni kweli au ni mtoto aliyechezea kisanduku. Kwa nchi zisizo na daftari lao lipo la kimataifa, lililofunguliwa 2006. Kama una bikoni kabatini, itoe leo usome tarehe ya betri, kisha uiandikishe pamoja na namba ya simu ya mtu anayepokea simu usiku. Hailipiwi.